Sura ya Sita: Mkoba wa Mji na Mshika Kamba Yake

Tarehe 5 Septemba mwaka 2023, baraza la mji wa Birmingham, mji ambao kwa wingi wa watu ni wa pili katika Uingereza baada ya London, na ambao baraza lake aghalabu hutajwa kuwa kubwa kuliko mabaraza yote ya miji katika Ulaya, lilitoa ilani kwamba mapato yake hayawezi tena kukidhi matumizi yake. Ilani ya namna hiyo hutolewa na mweka hazina wa baraza kwa mujibu wa kifungu cha 114 cha sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka 1988, na mtu anayeisikia kwa mara ya kwanza hudhani kuwa mji umefilisika kama afilisikavyo mfanyabiashara ambaye wadai wake huja na dalali wakanadi duka, mizani na hata viti vya barazani. Sivyo. Sheria ya Uingereza haimruhusu mdai yeyote kunadi ukumbi wa mji wala kuugawanya mji vipande. Maana ya ilani ni kwamba tangu siku hiyo hakuna fedha inayoweza kutolewa kwa jambo jipya isipokuwa lile ambalo sheria imelifanya faradhi, na kwamba madiwani wamepewa siku 21 wakutane, waitazame aibu hiyo machoni, na waseme wataiondoaje.

Aibu ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu ya mahali ilipoangukia. Birmingham ndiyo iliyoifundisha dunia ya Waingereza kwamba baraza la mji laweza kufanya mambo makubwa kwa fedha ya wenyeji wake. Joseph Chamberlain, tajiri wa viwanda vya skurubu aliyekuwa meya tangu mwaka 1873 hadi 1876, aliyanunua makampuni ya gesi na ya maji yakawa mali ya mji, akavunja vibanda vya mafukara katikati ya mji na kupasua njia pana mahali pake, na miaka michache baadaye, mwaka 1890, mwandishi mmoja wa Kimarekani aliusifu mji huo kuwa ndio unaotawalika vizuri kuliko miji yote duniani. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanamfahamu Chamberlain kwa sura nyingine, maana ndiye Waziri wa Makoloni aliyeshuka Mombasa mwishoni mwa mwaka 1902 akapanda reli mpya ya Uganda kwenda bara. Lakini watu wa Birmingham walimtukuza kwanza kwa ajili ya mifereji, taa na maji safi, wala hawakuona ajabu kwamba mtu aliyeanzia kwenye mifereji angeishia kwenye dola.

Ilani ilipotoka, kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake. Wengine walisema madiwani wamejilimbikizia posho. Wengine wakasema ni deni la wanawake waliopunjwa mishahara, wengine kwamba serikali kuu imekata ruzuku, na wengine kwamba ni ule mtambo mpya wa hesabu uliogharimu mamilioni na usiojua kuhesabu. Katika kila dai mlikuwa na chembe ya kweli, nami sina nia ya kumwondolea mtu yeyote taksiri yake. Lakini mwenye kuitazama kadhia hii kwa insafu ataona kwamba baraza la mji wa Uingereza limewekwa katika hali ya mtumishi anayetumwa sokoni kuwanunulia chakula wageni ambao hakuwaalika yeye, akiwa amepewa mkoba ambao kamba yake imeshikwa na bwana aliyebaki nyumbani. Na wageni wanapolala na njaa, bwana huyo ndiye wa kwanza kuuliza mtumishi amekula nini njiani.

Asili ya mambo ni ya kale. Mwaka 1601, katika siku za mwisho za Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge liliamuru kila parokia iwatunze maskini wake, na ili ipate cha kuwatunzia, ikaruhusiwa kuwatoza wenye kukaa katika nyumba na mashamba kwa kadiri ya thamani ya makazi yao. Kodi hiyo ya majengo ilidumu karibu miaka 400, ikageuzwa na kurekebishwa mara nyingi, na ila yake kubwa ilionekana mapema: palipo na maskini wengi ndipo penye nyumba za thamani ndogo, kwa hiyo mtaa uliohitaji kutoza sana ndio uliokuwa na kidogo cha kutozwa, ilhali mtaa wa matajiri, usio na fukara wa kulisha, ulilipa senti chache na kulala usingizi.

Ila hiyo haikudhihirika mahali popote kama ilivyodhihirika Poplar, mtaa wa makuli wa gatini upande wa mashariki wa London, katika mwaka 1921. Kazi zilikuwa zimeadimika baada ya vita, watu wanakaa na njaa, na baraza la mtaa, likiongozwa na George Lansbury, lilitakiwa liwalishe watu wake na papo hapo liwatoze kodi ya ziada kwa ajili ya polisi, maji na idara nyingine za London nzima. Madiwani walikataa kuitoza ile ya ziada. Walipoitwa mahakamani walikwenda kwa maandamano, na hatimaye wakapelekwa gerezani, madiwani 30 jumla yao, wanaume wakafungwa Brixton na wanawake Holloway. Na kwa kuwa baraza haliwezi kuendeshwa pasipo mikutano, mikutano ilifanyika ndani ya gereza la Brixton, wanawake wakiletwa kutoka Holloway kwa gari. Baada ya majuma sita hivi serikali ililazimika kuwafungulia, na Bunge likapitisha sheria ya kuugawanya mzigo wa maskini kwa London nzima, mitaa ya matajiri ikachangia ya wakata. Mmoja wa wanawake wale, Minnie Lansbury, mkwe wa George, alifariki kwa homa ya mapafu siku ya kwanza ya mwaka 1922, naye alikuwa na miaka 32.

Jambo la pili la Poplar halisimuliwi sana, ingawa kwangu mimi ndilo lenye ibra zaidi. Baraza lile lilikuwa limeweka kima cha chini cha mshahara cha pauni 4 kwa juma kwa kila mtumishi wake, mwanamume na mwanamke sawasawa. Mkaguzi wa serikali alipoyatazama madaftari aliona kwamba bei za vitu zimeshuka na mishahara ya nje imeshuka, lakini Poplar haikushusha yake, na kwamba wanawake wanalipwa kiasi ambacho hakuna tajiri yeyote mahali pengine angewalipa. Akawatoza madiwani pauni 5,000 kutoka mifukoni mwao wenyewe. Kesi ilifika hadi katika Nyumba ya Malodi, ambayo ndiyo iliyokuwa mahakama ya mwisho, na mwaka 1925 mabwana wale waliamua kwamba mkaguzi alikuwa na haki: diwani ni mdhamini wa fedha za walipa kodi, hana ruhusa ya kuzigawa kwa mujibu wa fikra zake za ufadhili, na usawa wa mwanamume na mwanamke katika mshahara ulihesabiwa miongoni mwa fikra hizo. Naomba msomaji aiweke hukumu hiyo akilini, kwa maana tutakutana nayo tena imegeuka uso.

Kodi ya majengo iliuawa na hofu ya wanasiasa. Kila nyumba zilipothaminiwa upya, watu walipiga kelele, na ili kuepuka kelele uthamini uliahirishwa, na kadiri ulivyoahirishwa ndivyo kelele zilivyokuwa kubwa ulipofanywa. Uskoti ilithaminiwa upya mwaka 1985, na ghadhabu ya wenye nyumba ikaishtua serikali ya Margaret Thatcher hata ikaona heri kuifuta kodi yenyewe na kuweka mahali pake kodi ya kichwa, ambayo kila mtu mzima wa mtaa mmoja alipaswa kulipa kiasi kimoja, awe lodi katika kasri au mfagizi katika chumba cha kupanga, isipokuwa wale fukara kabisa waliosamehewa sehemu kubwa. Mtu wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa kodi hiyo, kwa maana babu zake walitozwa na dola hiyo hiyo, kwanza kwa nyumba na kisha kwa kichwa, na wengi waliyaacha makwao wakaenda kutafuta ajira katika mashamba ya walowezi kwa sababu tu ya kuipata fedha ya kuilipia. Waingereza wenyewe walikuwa wameijaribu katika karne ya 14, na matokeo yake yalikuwa maasi ya mwaka 1381. Safari hii ilianza Uskoti mwaka 1989 na katika Uingereza na Wales mwaka 1990. Mamilioni walikataa kuilipa, tarehe 31 Machi 1990 Uwanja wa Trafalgar uligeuka uwanja wa mapambano, na kabla mwaka haujaisha bibi aliyeileta alikuwa ameondoka madarakani.

Walioshika nafasi yake walitaka jambo moja tu, nalo ni kunyamazisha kelele. Kodi ya ongezeko la thamani inayotozwa katika bidhaa ilipandishwa mwaka 1991 kutoka asilimia 15 hadi 17.5, na fedha iliyopatikana ikatumiwa kupunguza hati za kodi ya kichwa. Na mwaka 1993 ikaanza kodi ya baraza, ambayo ndiyo inayotozwa mpaka leo. Iliundwa kwa haraka. Nyumba zote ziligawanywa katika madaraja manane, kuanzia A, la nyumba zilizokuwa na thamani isiyozidi pauni 40,000, hadi H, la zile zilizopita pauni 320,000, kwa bei ya tarehe 1 Aprili 1991. Na wathamini wengi waliipitia mitaa ndani ya magari yao pasipo kushuka, wakikadiria kwa macho. Mwenye nyumba ya daraja H, hata kama thamani yake ni mara 50 ya ile ya daraja A, halipi zaidi ya mara tatu. Kisha yale yaliyoiua kodi ya kwanza yakarudiwa: Wales ilithaminiwa upya kwa bei za mwaka 2003 na watu wakanung'unika, serikali ya London ikaona manung'uniko yale, na mwaka 2005 ikaahirisha uthamini uliokuwa umepangwa kwa Uingereza, wala mpaka hivi sasa haujafanywa. Kwa hiyo nyumba iliyojengwa mwaka jana hutozwa kwa bei ambayo ingekuwa nayo mwaka 1991, kabla hata ya msingi wake kuchimbwa.

Natija yake ni ya kustaajabisha. Katika mwaka wa fedha wa 2023 hadi 2024, nyumba ya daraja la juu kabisa katika Westminster, mtaa wa makasri, mabalozi na mahoteli, ilitozwa kiasi kisichofika pauni 1,900, ilhali nyumba ya daraja la kati, la D, katika wilaya ndogo ya Rutland ilitozwa zaidi ya pauni 2,400. Ajali hiyo haikutokana na ukarimu wa Westminster wala ulafi wa Rutland. Imetokana na hesabu ya ruzuku, majengo na mahitaji, ambayo imefungwa katika mafundo mengi hata watu wanaoifahamu vizuri hawazidi safu mbili za viti katika ukumbi mdogo. Waswahili waliohamia Birmingham, Leicester na London, ambao huletewa hati hiyo kila mwezi wa Machi kama majirani zao, mara nyingi huuliza kwa nini ndugu anayekaa mtaa wa kifahari analipa kidogo, na jibu la kweli ni kwamba hakuna aliyethubutu kuwaghadhibisha wenye nyumba kwa zaidi ya miaka 30.

Wakati huohuo kamba ya mkoba ilikuwa inavutwa. Tangu mwaka 1984 serikali kuu ilijipa uwezo wa kuliwekea baraza kikomo cha kutoza. Mwaka 1990 iliichukua kodi ya maduka na viwanda, ambayo mabaraza yalikuwa yakijipangia kima chake, ikaifanya kuwa moja kwa nchi nzima. Sheria ya mwaka 2011 ilibadili sura ya kikomo pasipo kubadili roho yake: baraza linalotaka kupandisha kodi kupita kiwango kilichowekwa na waziri, ambacho miaka ya karibuni kimekuwa asilimia 4.99 kwa mabaraza yenye dhima ya kutunza wazee, ni lazima kwanza liwaombe wenyeji ruhusa kwa kura ya maoni. Nani atapiga kura kujiongezea kodi? Katika miaka yote hiyo kura imefanyika mara moja tu, Bedfordshire mwaka 2015, ambako kamishna wa polisi aliomba nyongeza ya asilimia 15.8 na wapiga kura wakamkatalia kwa wingi. Surrey, wilaya ya matajiri, ilitangaza mwaka 2017 kwamba itaomba asilimia 15, kisha ikarudi nyuma kabla ya siku kufika.

Naam, na ruzuku? Baada ya misukosuko ya mabenki ya mwaka 2008, serikali ya David Cameron iliyoingia mwaka 2010 ilikata matumizi ya dola, na kisu kilikita zaidi katika mabaraza kuliko mahali pengi, kwa hekima ya kisiasa isiyokuwa na adabu: waziri hukata ruzuku London, lakini anayefunga maktaba ni diwani, na jina linaloandikwa katika mabango ya wanaoandamana ni la diwani. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilikadiria mwaka 2018 kwamba fedha za serikali kuu kwa mabaraza ya Uingereza zilikuwa zimepungua, thamani ya fedha ikizingatiwa, kwa asilimia 49.1 katika miaka saba, na uwezo wao wote wa kutumia, kodi ikijumlishwa, kwa asilimia 28.6. Kwa miaka kadhaa ya mwanzo serikali hata iliyapa mabaraza takrima ndogo ili yasipandishe kodi. Na mwaka 2013 ilifuta msaada wa taifa uliokuwa ukiwalipia maskini kodi ya baraza, ikayaambia mabaraza yatunge misaada yao yenyewe kwa fedha iliyopungua asilimia kumi, huku ikikataza wazee wasiguswe. Kwa hiyo walioguswa ni fukara wenye umri wa kufanya kazi.

Kama mabaraza yangekuwa huru kuchagua la kuacha, labda yangepungua kwa heshima. Lakini sheria imeyawekea faradhi: mzee asiyeweza kujiosha lazima aoshwe, mtoto anayeteswa lazima atwaliwe, asiye na makao lazima apewe paa, mwanafunzi mwenye ulemavu lazima apelekwe shuleni. Idadi ya hao huongezeka mwaka hata mwaka, na gharama yao haingoji bajeti. Mwaka 2012 baraza la Barnet, kaskazini mwa London, lilichora jedwali lenye mistari miwili, mmoja wa mapato unaoshuka na mmoja wa gharama za kutunza wazee na watoto unaopanda, na kuonyesha kwamba ndani ya miaka 20 mistari hiyo itakutana, na siku hiyo hakutabaki hata pauni moja ya bustani, maktaba, vijana wala barabara. Jedwali hilo lilipata umaarufu wa kutisha katika kumbi za mabaraza. Kinachokatwa, basi, ni kile ambacho sheria haikukifanya faradhi au imekifanya faradhi kwa maneno malegevu: tangu mwaka 2010 hadi 2019 maktaba karibu 800 zilifungwa katika Uingereza nzima, na vilabu vya vijana vikafuata njia hiyo pasipo hata kuhesabiwa vizuri.

Hapo ndipo baadhi ya mabaraza yalipoingiwa na tamaa, na hapa simtetei mtu. Hazina ya taifa iliyakopesha mabaraza kwa riba ndogo na kwa masharti mepesi, na Tume ya Ukaguzi, iliyokuwa ikiyachunguza madaftari yao tangu miaka ya 1980, ilivunjwa mwaka 2015 kwa madai ya kubana matumizi. Penye mkopo mwepesi na mkaguzi aliyeondolewa, kila mweka hazina huwa tajiri katika ndoto. Woking, mji wa kiasi katika Surrey, ulikopa ukajenga maghorofa marefu na hoteli ya kifahari, hata ilipotoa ilani yake Juni 2023 deni lilikuwa linaelekea kupita pauni bilioni 2, ilhali bajeti yake ya mwaka ilikuwa kama pauni milioni 16. Thurrock iliyamwaga mamia ya mamilioni katika biashara ya umeme wa jua, ikatoa ilani Desemba 2022. Northamptonshire ilihamia jengo jipya la pauni milioni 53 Oktoba 2017, ikatoa ilani Februari 2018, ikaliuza jengo hilo na kulipanga kama mpangaji, na hatimaye baraza lenyewe likafutwa mwaka 2021. Na Nottingham iliunda kampuni ya kuwauzia maskini umeme na gesi kwa bei nafuu, ikaipa jina la Robin Hood, yule jambazi mwema wa ngano ambaye aliwanyang'anya matajiri. Kampuni ilikufa mwaka 2020 na kuuachia mji hasara ya mamilioni, na aliyenyang'anywa hakuwa tajiri.

Birmingham kosa lake lilikuwa la namna nyingine, la zamani na la kudumu. Kwa miaka mingi baraza liliwalipa wazoa taka, wafagiaji wa njia na wachimba makaburi, ambao wengi wao ni wanaume, bahashishi kubwa juu ya mshahara, na liliwanyima wapishi wa shule, wasafishaji na watunza wazee, ambao wengi wao ni wanawake, ijapokuwa madaraja yao ya kazi yalihesabiwa sawa. Maelfu ya wanawake walikwenda mbele ya hakimu wakashinda mwaka 2010, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya nchi iliamua kwamba hata walioacha kazi zamani wana haki ya kudai. Baraza lililipa zaidi ya pauni bilioni moja kwa miaka kadhaa; likauza ukumbi wake mashuhuri wa maonyesho; likadhani limemaliza. Halikumaliza, kwa sababu wazoa taka waliachiwa desturi ya kwenda nyumbani mara wamalizapo njia zao na kulipwa kama waliofanya kazi mpaka jioni, na wanawake wa idara nyingine hawakuwa na desturi hiyo. Mwaka 2023 deni jipya lilikadiriwa kufika pauni milioni 760, hesabu iliyokuja kupingwa baadaye na wajuzi kadhaa, lakini ndiyo iliyoandikwa katika ilani.

Basi yakumbukwe yale ya Poplar. Mwaka 1925 madiwani walitozwa kwa sababu waliwalipa wanawake sawa na wanaume, na miaka 98 baadaye mji mkubwa ulianguka kwa sababu haukuwalipa sawa. Katika mara zote mbili mahakama na sheria ziliamua kima cha haki kutoka nje ya mji, na katika mara zote mbili walioletewa hati ni wenyeji wa mji. Wala kadhia haijaisha kwa kulipa: mwaka 2025, baraza lilipofuta cheo kimoja cha wazoa taka, likisema kinaweza kuzaa madai mapya ya wanawake, wazoa taka waligoma, kwanza kwa siku moja moja na tangu tarehe 11 Machi kwa mfululizo; chama chao kikasema baadhi yao watapoteza maelfu ya pauni kwa mwaka, baraza likaikanusha hesabu hiyo, na mifuko ya takataka ikapanda juu ya kuta.

Sasa tuje kwa posho za madiwani, ambazo katika kila mtaa huzungumzwa kwanza na ambazo mimi nimezichelewesha makusudi. Hadi baada ya vita ya pili ya dunia diwani wa Uingereza hakulipwa kitu, na kwa sababu hiyo udiwani ulikuwa wa wenye maduka, mawakili, wenye mashamba na watu wenye vyama vya wafanyakazi nyuma yao. Wabunge walianza kulipwa mwaka 1911. Madiwani walingoja hadi sheria ya mwaka 1948, iliyowafidia nauli na ujira waliopoteza, na kisha ile ya mwaka 1972, iliyowapa posho kwa kila mkutano waliohudhuria, na hapo, kama atakavyokisia msomaji aliyewahi kuona posho ya kikao ikifanya kazi yake katika ofisi za kwetu, mikutano haikupungua. Baadaye posho ya kikao ikaondolewa na ya mwaka ikawekwa. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2003 kila baraza katika Uingereza huwa na jopo la watu wa nje wanaopendekeza kiasi, lakini ushauri wao haufungi, na mwisho madiwani ndio wanaopiga kura juu ya fedha watakazozitia mifukoni mwao, jambo ambalo halimpendezi mtu yeyote, hata wao, maana anayekubali nyongeza huitwa mlafi na anayeikataa huonekana kuwa tajiri asiyeihitaji. Wales wamelitatua kwa kuipa tume ya nje amri kamili: mwaka 2023 diwani wa kawaida wa huko aliwekewa pauni 17,600. Katika Uingereza diwani wa wilaya ndogo hupata maelfu machache tu, na wa Birmingham hupata kama alivyopata mwenzake wa Wales au zaidi kidogo.

Hebu tufanye hesabu. Madiwani wa Birmingham ni 101. Posho zao za msingi kwa mwaka, zote pamoja, ni yapata pauni milioni 2, na ukitia nyongeza za kiongozi, manaibu na wenyeviti wa kamati, hufika milioni chache. Machi 2024 mji huo ulitakiwa kuokoa pauni milioni 300 katika miaka miwili. Kama madiwani wote wangetumikia bure, na wakajinunulia hata kalamu, mji ungekuwa pale pale. Lakini anayeweza kutumikia bure si mtu yeyote tu: uchunguzi unaofanywa mara kwa mara huonyesha kwamba wastani wa umri wa diwani katika Uingereza ni karibu miaka 60, takriban wawili kati ya watano wamestaafu, na kazi huchukua zaidi ya saa 20 kwa juma. Mama mwenye watoto wadogo na ajira ya zamu hawezi kuufanya udiwani kwa malipo ya wilaya ndogo, na mwaka 2014 madiwani wa Uingereza waliondolewa hata katika mfuko wa pensheni, kwa hoja ya waziri wa wakati huo kwamba wao ni watu wa kujitolea. Kwa hiyo makundi yanayoguswa zaidi na kisu cha bajeti ndiyo yasiyokuwa na mtu mezani inapokatwa. Ukitaka kujua kwa nini maktaba ya watoto huenda kabla ya basi la bure la wazee, sehemu ya jibu ni kwamba basi la wazee ni la sheria, na sehemu nyingine ni hiyo.

Bajeti ya Birmingham ya Machi 2024 ilipitishwa na madiwani kwa kura, na ndani yake mlikuwa na kupunguzwa kwa mwangaza wa taa za njiani, kukatwa kabisa kwa misaada ya sanaa katika mwaka wa pili, na kupandishwa kwa kodi ya baraza kwa asilimia 9.99, ambako waziri alitoa ruhusa maalumu ili kura ya maoni isihitajike. Mwaka uliofuata ikapanda tena kwa asilimia 7.49. Hata hivyo kura ile ilikuwa ya nusu mamlaka. Tangu Oktoba 2023 mji ulikuwa na makamishna walioteuliwa na serikali kuu kwa muda unaoweza kufika miaka mitano, wenye uwezo wa kutengua uamuzi wa madiwani katika mambo ya fedha, na ambao mwenyeji wa Birmingham hakuwachagua wala hawezi kuwaondoa. Sheria inaagiza walipwe na baraza lenyewe. Ujira wao uliwekwa zaidi ya pauni 1,000 kwa kila siku ya kazi kwa kila mmoja, hata kwamba kamishna hupata katika siku zisizofika 20 kile anachokipata diwani kwa mwaka mzima, na fedha hiyo hutoka katika hazina ileile iliyotangazwa kuwa haina kitu.